Mpira Unapokata Kulia: Kuisoma Swingi ya Mchezaji wa Jumamosi

Kwenye viwanja vingi vya gofu vya kwetu, kuanzia Lugalo jijini Dar es Salaam hadi Muthaiga kule Nairobi, kuna jibu moja linalotolewa kwa kila kosa. Mpira ukienda kulia, "Umeinua kichwa, mzee." Ukienda kushoto, umeinua kichwa. Ukichota udongo kabla ya kuufikia mpira, au ukiuparaza juu ukabingirika mita ishirini, bado umeinua kichwa. Kedi anasema, mwenzako mnayecheza naye anasema, na hata yule aliyejiunga na klabu mwezi uliopita anasema. Mchezaji anaitikia, anaahidi kutorudia, na mkwaju unaofuata unakata kulia vilevile ingawa kidevu chake hakikusogea.

Annika Sörenstam wa Sweden, mwenye mataji makubwa 10 na raundi ya mikwaju 59 aliyoipiga mwaka 2001, alikuwa akigeuza kichwa kuelekea shabaha kabla fimbo haijaugusa mpira. David Duval wa Marekani, aliyepiga 59 yake mwaka 1999, alifanya karibu vivyo hivyo. Kama kichwa kingekuwa mzizi wa matatizo yote, wawili hao wasingefika popote. Kichwa kinachoinuka kwa kawaida ni matokeo: kiuno kimesogea mbele kuelekea mpira, mikono imekosa nafasi ya kupita, na mwili umenyanyuka wenyewe ili fimbo isigonge ardhi. Ukimzuia mtu kuinua kichwa bila kuondoa kilichomfanya anyanyuke, unambakizia kosa lile lile na shingo ngumu juu yake.

Uchambuzi wa swingi huharibika hapo hapo mwanzoni, kwa sababu unaanzia kwenye mwili. Mwili una viungo vingi, kila kimoja kinaweza kulaumiwa, na kila mtu klabuni ana kiungo chake anachokipenda. Afadhali kuanzia upande wa pili, kwenye mpira wenyewe, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa mtu aliyeupiga.

Mpira haujui kama mkono wako wa kushoto ulinyooka au mabega yaligeuka kiasi gani. Unachojua ni kilichotokea wakati fimbo na mpira vimegusana, na muda huo ni kama sekunde 0.0005. Hata safari nzima ya fimbo kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua kama robo ya sekunde tu, kwa hiyo hakuna anayerekebisha chochote katikati ya safari. Katika mguso ule mfupi mambo matano ndiyo yenye kauli: kasi ya kichwa cha fimbo, njia kinayopita, upande ambao uso wa fimbo unatazama, sehemu ya uso iliyogusa mpira, na kama fimbo ilikuwa inashuka au inapanda. Mengine yote, hata yale ya kupendeza kwenye picha, yana thamani kwa kadiri yanavyobadilisha mojawapo ya hayo matano. Jim Furyk huinua fimbo karibu wima, kisha anaiangusha nyuma yake kwa kitanzi ambacho hakuna mwalimu angemfundisha mtoto. Kwa swingi hiyo alitwaa US Open ya mwaka 2003, na Agosti 2016 akapiga raundi ya mikwaju 58, ya chini kuliko zote zilizokuwa zimewahi kupigwa kwenye PGA Tour.

Tumchukue basi mchezaji wa aina ambayo kila klabu inao wengi mno. Anatumia mkono wa kulia, handikapu yake ni 24, wiki nzima yuko ofisini na Jumamosi asubuhi yuko kiwanjani. Akishika draiva, mpira unaanzia kushoto kidogo, unafika katikati ya safari, kisha unakata kulia na kuishia kwenye miti. Hiyo ndiyo slaisi, na kwa wachezaji wa ridhaa hakuna kosa la draiva lililoenea zaidi. Ameshauriwa alenge kushoto zaidi ili mpira ukikata urudi katikati. Amelenga kushoto zaidi, na mpira umekata zaidi. Hajui kwa nini, na aliyemshauri pia hajui.

Sababu iko kwenye uhusiano wa mambo mawili kati ya yale matano: njia na uso. Kwa miongo mingi waalimu walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea kule uso ulikokuwa unatazama. Ni kinyume. Mpira huanzia karibu kabisa na uelekeo wa uso wenyewe: kwa draiva uso huamua kama asilimia 85 ya mwanzo wa safari, kwa fimbo za chuma kama asilimia 75, na njia inachukua kilichobaki. Njia inapata nguvu yake baadaye, kwenye kupinda. Uso ukitazama kulia kwa njia, mpira unapinda kulia. Ukitazama kushoto kwa njia, unapinda kushoto. Pengo kati ya viwili hivyo ndilo linaloinamisha mhimili wa mzunguko wa mpira, sawa na kona ya mpira wa miguu iliyopigwa kwa upande wa kiatu ikaingia golini yenyewe. Mwanafizikia Theodore Jorgensen aliyaandika haya kwa hesabu katika miaka ya 1990, lakini viwanjani yalikubalika baadaye sana, pale rada za kampuni ya TrackMan ya Denmark zilipoanza kupima kila mpira mbele ya macho ya watu.

Sasa turudi kwa mtu wetu na tarakimu chache. Tuseme uso wa draiva yake unatazama digrii 2 kushoto mwa shabaha wakati wa mguso, na njia ya fimbo inaelekea digrii 8 kushoto. Ukiulinganisha na shabaha, uso huo umefungwa. Ukiulinganisha na njia, uko wazi kwa digrii 6. Mpira utaanzia kushoto karibu digrii 3, kisha utakata kulia. Yeye akiona mwanzo anadhani amevuta. Akiona mwisho anadhani amesukuma. Ni mkwaju mmoja tu, na maelezo yake ni zile digrii 6 za tofauti.

Ushauri wa kulenga kushoto unaharibu hapo. Akigeuza miguu na mabega kushoto zaidi, njia ya fimbo inageuka pamoja navyo. Uso haugeuki, kwa sababu macho yake bado yako kwenye shabaha na mikono inataka kuupeleka mpira huko. Njia imekwenda, uso umebaki, pengo limepanuka. Slaisi ya mita kumi na tano inakuwa ya mita thelathini, na Jumamosi inayofuata atalenga kushoto zaidi tena.

Kingine kinachosahaulika ni jinsi alivyofika hapo. Karibu kila anayeanza gofu hushika fimbo kwa namna inayoacha uso wazi, hivyo mipira yake ya kwanza huenda kulia. Mwili wa binadamu si mjinga. Baada ya mipira mia kwenda kulia, unajifunza kuikata fimbo kuelekea kushoto ili kuirudisha. Kwa hiyo ile njia mbovu, inayotoka nje kuja ndani, ambayo kila mtu anaiona na kuikemea, ni dawa ambayo mwili ulijitengenezea kwa ajili ya uso ulio wazi. Mpangilio wa matengenezo unategemea kulielewa hili. Ukianza kwa kunyoosha njia na uso ukabaki wazi, mpira utaenda kulia moja kwa moja, mbali kuliko zamani, na mchezaji ataiacha swingi mpya kabla hata hajamaliza kikapu cha mipira. Ukianza na uso, njia ikiwa bado mbovu, mpira utaenda kushoto bila kupinda. Anayefanyiwa marekebisho lazima aambiwe mapema kwamba mpira huo wa kushoto ni habari njema, la sivyo ataogopa. Uso umepona; sasa mwili hauna tena sababu ya kukata, na njia inaweza kutengenezwa kwa amani.

Kabla ya kugusa chochote, hata hivyo, kuna kipimo ambacho wengi hukiruka na ambacho gharama yake ni ndogo: kujua mpira umegusa wapi kwenye uso wa fimbo. Uso wa draiva una mbinuko. Mpira ukigusa upande wa kisigino, karibu na mpini, kichwa cha fimbo hujipinda kidogo wakati wa mguso na kuuongezea mpira mzunguko wa kukata kulia. Ukigusa upande wa ncha, unaongezewa mzunguko wa kushoto. Mtu anaweza kuwa na njia nzuri na uso mzuri, akagonga kwa kisigino, na bado akapata slaisi. Atabadilishiwa mshiko, atabadilishiwa msimamo, ilhali alichohitaji ni kusimama nyuma kidogo tu. Pulizia uso wa draiva poda ya miguu ile ya kopo, au upake chaki, piga mipira mitano, kisha tazama alama. Zikirundikana kisiginoni, anza na umbali wako na mpira. Zikiwa katikati, endelea na uso na njia. Zikitapakaa kila mahali, hakuna uchambuzi wa kuaminika hadi zikusanyike, na dawa ya kwanza ni kupunguza kasi.

Nigusie kidogo jambo la pembeni kwa wanaosafiri kucheza. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Wote wanajua kwamba hewa hiyo hurefusha mkwaju. Wachache wanakumbuka kwamba inapunguza pia kupinda, kwa kuwa mzunguko wa mpira unapata hewa kidogo ya kushikana nayo. Mchezaji wa Nairobi akiteremka pwani, Nyali au Vipingo, akaona slaisi yake imekuwa kubwa, na kusi nayo inavuma kutoka ubavuni, hudhani swingi imeharibika njiani. Swingi ni ile ile aliyopanda nayo treni.

Sasa mshiko, na hapa nitakaa, maana naamini nusu ya slaisi zote zinaanzia na kuishia hapa.

Mwombe mtu wetu asimame kana kwamba anataka kupiga, kisha atazame mkono wake wa kushoto. Anaona vifundo vingapi vya vidole nyuma ya mkono? Mwenye slaisi kwa kawaida anaona kimoja, au haoni hata kimoja. Mkono umegeukia upande wa shabaha mno, na kidole gumba kimelala katikati ya mpini. Mkono ukiwa hivyo, kifundo cha mkono kikirudi katika hali yake ya asili wakati wa mguso, kinarudi na uso ulio wazi. Geuza mkono wa kushoto kuelekea kulia hadi vionekane vifundo viwili, au vitatu, na ule mfereji kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega la kulia. Mkono wa kulia uje kutoka ubavuni, kiganja chake kifunike kidole gumba cha kushoto, na mfereji wake uelekee huko huko. Kosa la wengi ni kugeuza mkono wa kushoto vizuri kisha kuuweka wa kulia juu ya mpini, mkono mmoja ukiufungua uso na mwingine ukiufunga.

Jambo la pili ni mahali mpini unapolala. Tazama glavu ya mchezaji. Ikiwa imechakaa au imetoboka kwenye kitako cha kiganja, chini ya kidole kidogo, aghalabu ina maana kwamba mpini unalala ndani ya kiganja na kuteleza kila mkwaju. Mpini unatakiwa upite kwenye vidole, kuanzia kiungo cha kati cha kidole cha shahada hadi kwenye shina la kidole kidogo, na ile nyama ya kitako cha kiganja ikae juu yake. Aliyeshika kwa kiganja hubana sana ili fimbo isimtoke, mkono hadi bega unakakamaa, na kifundo hakikunji. Kasi inapotea na uso haupati nafasi ya kufunga.

Mshiko mpya utamkera. Atahisi fimbo imekuwa ya mtu mwingine, na mipira ya kwanza itakuwa mibaya. Ndiyo sababu mahali pa kujifunzia mshiko ni nyumbani na si kiwanjani: shika fimbo wakati wa taarifa ya habari, iachie, ishike tena, hadi vidole vijipange vyenyewe. Uwanja wa mazoezi uje baadaye.

Tahadhari moja: mshiko huu ni wa mwenye slaisi. Ben Hogan, mmoja wa wapigaji bora wa karne iliyopita, aliteswa miaka mingi na ugonjwa wa kinyume, mpira uliopinda kushoto kupita kiasi, na akajiponya kwa mambo kadhaa, likiwemo kuugeuza mkono wake wa kushoto upande wa shabaha. Kitabu chake cha mwaka 1957 kimesomwa na wachezaji wa ridhaa wengi kuliko kitabu kingine chochote ninachokifahamu cha swingi, na wengi wao walikuwa na slaisi. Walikunywa dawa ya maradhi yasiyo yao. Kila ushauri wa gofu una mgonjwa wake wa kwanza, kwa hiyo ulizia ulitolewa kwa nani kabla ya kuufuata.

Uso ukishatulia, twende kwenye njia. Anza na kilicho rahisi kuona, yaani jinsi anavyosimama kabla ya kupiga. Weka fimbo mbele ya kifua chake kwenye mstari wa mabega, uone inaelekea wapi. Mara nyingi miguu inatazama shabaha na mabega yanatazama kushoto, kwa sababu mpira ameuweka mbele mno na bega la kulia limelazimika kuufuata. Kwa draiva, mpira ukae sambamba na upande wa ndani wa kisigino cha mguu wa kushoto. Bega la kulia liwe chini kidogo ya la kushoto, maana mkono wa kulia ndio ulio chini kwenye mpini. Wako watu ambao slaisi yao ilipungua nusu kwa hilo peke yake.

Kisha uje mwanzo wa kushuka. Fimbo ikifika juu, mtu wetu anauona mpira, anautamani, na bega lake la kulia linaruka mbele kuutafuta. Bega likitangulia, fimbo inatupwa nje ya mstari wake, halafu inaukata mpira kuelekea kushoto. Wapigaji wazuri wanaanzia chini: uzito unaingia mguu wa kushoto, kiuno kinafuata, kifua kinafuata, mikono inafuata, fimbo inakuja ya mwisho. Ni rahisi kuandika na vigumu kutenda, kwa sababu yote yanatokea ndani ya ile robo ya sekunde. Kumwambia mtu "anza na kiuno" kunamsaidia mara chache sana. Mpe kazi ya nje ya mwili wake. Simamisha chupa tupu ya maji nje kidogo ya mstari wa mpira, nyuma ya mpira kwa urefu wa kiatu, kisha mwambie apige bila kuiangusha. Fimbo inayotoka nje itaibwaga chupa. Hakuna haja ya kumweleza habari za bega. Akitafuta namna ya kuikwepa chupa, bega litangoja lenyewe.

Hilo la kazi ya nje ya mwili lina ushahidi. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha jaribio lililowahusisha wanaoanza gofu: kundi moja liliambiwa lizingatie mwendo wa mikono, jingine lizingatie mwendo wa kichwa cha fimbo. Waliozingatia fimbo walifanya vizuri zaidi, wakati wa kujifunza na hata walipopimwa baadaye. Waalimu wanaomrundikia mwanafunzi maagizo ya kiwiko, goti na nyonga wangefaa kulitafakari.

Vipi kuhusu simu? Ni chombo kizuri kikitumika kwa nidhamu. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde inanasa safari ya kushuka kwa picha saba au nane tu, na tukio lenyewe linapita kati ya picha mbili. Weka kwenye mwendo wa polepole wa picha 240, utapata kama 60. Piga kutoka pande mbili: mbele ya kifua, na nyuma ya mchezaji ukitazama kule anakolenga. Simu iwe kwenye kimo cha mikono, na ile ya nyuma iwe kwenye mstari wa mikono, sambamba na shabaha. Ikisogea hatua moja kushoto au kulia, swingi ile ile itaonekana imebadilika, na nimeona watu wakibishana juu ya kosa ambalo lilikuwa la mpiga picha. Ukishapata video ya nyuma, isimamishe pale fimbo inaposhuka na kulala sambamba na ardhi. Angalia kichwa cha fimbo kiko wapi. Kikiwa kinaifunika mikono, au kidogo nyuma yake upande wa mwili, njia ni nzuri. Kikiwa nje ya mikono, upande wa mpira, hiyo ndiyo slaisi ikijiandaa. Picha hiyo moja inatosha kwa mwezi mzima. Tatizo la video ni kwamba inaonyesha makosa ishirini kwa wakati mmoja, na mchezaji anataka kuyashughulikia yote.

Fimbo za chuma zina habari yake, nami nitaipitia haraka. Kwa draiva mpira uko juu ya tii, na fimbo inaweza kuugusa ikiwa inapanda. Kwa fimbo ya chuma namba 7 mpira uko chini, na fimbo lazima iwe bado inashuka. Sehemu ya chini kabisa ya mzunguko iwe mbele ya mpira, ili nyasi zichimbwe baada ya mpira na si kabla. Mchezaji wa Jumamosi anataka kuunyanyua. Anaegemea mguu wa kulia, anachota, anachimba ardhi kwanza au anauparaza mpira juu. Uso wa namba 7 umelala digrii 30 hivi, na mlalo huo ndio unaoupandisha mpira. Chora mstari wa chokaa kwenye nyasi za uwanja wa mazoezi, simama kana kwamba mstari ndio mpira, piga bila mpira, tazama shimo limeanzia wapi. Likianzia nyuma ya mstari, uzito umebaki kulia. Fanya hivyo hadi lianzie kwenye mstari au mbele yake.

Kuhusu mwendo, kuna uwiano unaojirudia kwa wachezaji wengi wakubwa: muda wa kurudisha fimbo ni kama mara tatu ya muda wa kuishusha. Mchezaji wetu kwa kawaida anaharakisha kurudisha kisha anaharakisha kushusha. Ahesabu moja, mbili, tatu akipanda, na nne akigusa mpira. Inatosha.

Swali linalobaki ni muda. Nick Faldo wa Uingereza aliibomoa swingi yake katikati ya miaka ya 1980 chini ya mwalimu David Leadbetter, akakaa karibu miaka miwili watu wakimshangaa, kisha mwaka 1987 akashinda The Open kule Muirfield kwa kupiga paa 18 mfululizo siku ya mwisho. Tiger Woods alishinda Masters ya mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, akaitazama swingi yake, akaamua haimfikishi mbali, akaitengeneza upya na Butch Harmon. Mwaka 1998 alishinda mara moja tu kwenye PGA Tour; mwaka 2000 alishinda mara tisa, matatu yakiwa mataji makubwa. Hao kazi yao ni gofu tangu asubuhi hadi jioni. Mtu mwenye Jumamosi moja hapaswi kubomoa chochote. Ana mambo matatu: mshiko, msimamo, na ile chupa ya maji, kwa mpangilio huo, moja likishika ndipo lije jingine.

Na jinsi ya kufanya mazoezi ibadilike pia. Kikapu cha mipira mia, yote kwa draiva, yote kwa nguvu zote, ni mazoezi ya kuimarisha slaisi. Anza na nusu ya swingi kwa namba 7, mikono isipite kiuno, mpira uende mita 60 au 80 bila kupinda. Kosa la uso huonekana hata kwa swingi fupi, na huko ni rahisi kulirekebisha. Ongeza urefu wa swingi pale tu mpira unaponyooka. Ukishafika kwenye draiva, badilisha fimbo na shabaha kila baada ya mipira michache, kwa kuwa kiwanjani hakuna atakayekuruhusu kurudia mkwaju ule ule mara kumi. Siku ya mashindano usijifunze kitu. Piga slaisi yako uliyoizoea na uhesabu mikwaju.

Wengi wa makocha na wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kwa kubeba mikoba ya wengine, wakajifunza kwa kutazama maelfu ya mipira ikiruka. Wana macho ambayo mashine ya rada inagharimu fedha nyingi kuyaiga. Waulize maswali yanayostahili macho hayo: mpira umeanzia wapi, umepinda upande gani, umegusa sehemu gani ya fimbo.

Kuhusu draiva mpya: zipo zenye kirekebisho cha kuufunga uso kwa digrii moja au mbili, na kwa mita 200 kila digrii ni kama mita 3.5, si haba. Lakini haitageuza mkono wako wa kushoto wala haitashusha bega lako. Fedha hizo zilipie masomo kwanza. Na ukimpata mwalimu, mpime kwa kitu kimoja: akianza kukushika mabega kabla hajatazama mipira yako mitano ikiruka hadi itue, tafuta mwingine.